Pipa ya Rangi ya Nyasi

Sasa Kasaine akashusha ile pipa kwa mlango wa jikoni ya Sadiyo, akaisukuma mpaka juu ya ngazi, na Mureithi bado ako kwa lori anapiga rivasi, hajaona kitu. Nguruwe, Jackie! Pipa ya mafuta ya nguruwe, kwa hoteli ya Waislamu, na watu wamejaa wanangoja chakula ya mchana.

Eh? Tuanze na miaka? Lakini hiyo ya pipa ndio watu wanataka kusikia. Haya, wewe ndio wa ofisi, na hii jarida ya wafanyakazi ni yako, mimi ni wa jikoni tu. Andika hivi: Mureithi, dereva wa lori ya mabaki, amefanya kazi hapa kwa mtambo wa maji taka ya Kitengela miaka ishirini na tatu, na leo Ijumaa, siku ya mwisho ya mwezi wa kumi, anastaafu. Umeandika? Hiyo ya serikali tumemaliza. Sasa tuongee.

Mimi Cucu Muthoni, nyanya yenu nyote, nimepikia watu wote wa hapa, kutoka meneja mpaka yule wa kufagia, na mtu ukijua vile anakula umemjua. Mureithi anakula polepole. Anaangalia kila tonge kabla aweke kwa mdomo, kama mtu anasoma barua ya korti. Nilikuwa nafikiri anatafuta mawe kwa maharagwe yangu, nikakasirika mwaka mzima. Kumbe ni vile tu alilelewa, mama yake alikuwa na watoto kumi na mmoja, na ukimaliza haraka unaambiwa enda uchote maji.

Alitoka Othaya, kule Nyeri, akaja hapa kibarua wa kuzibua mitaro. Wakati huo Kitengela haikuwa na hizi maghorofa. Ulikuwa unaanika nguo na nyumbu anapita nyuma anakuangalia. Na hiyo jina yake, Mureithi, kwetu Kikuyu ni mtu wa kuchunga mifugo. Kasaine, yule Mmaasai wa mashine ya kusaga, siku ya kwanza akamsalimia vizuri, "Sopa," halafu akamwuliza, "Mureithi, ng'ombe zako ziko wapi?"

"Sina."

"Mbuzi?"

"Sina."

"Hata kondoo moja ya kuazima?"

"Sina, bwana."

"Basi unachunga nini, unachunga choo?"

Na hiyo ikashika. Mpaka leo Kasaine anamwita Mchungaji wa Choo, na wageni wakija wanafikiria ni pasta.

Andika pia hii ya tangi, kwa sababu ndio kazi yenyewe. Zamani hoteli zote za mjini zilikuwa zinamwaga mafuta kwa sinki. Mafuta inaingia kwa mtaro ikiwa moto, inapoa huko ndani, inakuwa ngumu kama jiwe, na maji chafu inarudi kwa barabara. Ulikuwa unavuka barabara ya Namanga ukiwa umeshika sketi hivi. Halafu ndio akakuja Injinia Ajwang, msichana mrefu wa Siaya, mwenye akili na mwenye kucheka. Akatukusanya wote, hata mimi na mwiko wangu, akasema mafuta na mabaki ya chakula zisitupwe tena. Zitakuwa zinaletwa hapa, zinasagwa, zinaingizwa kwa ile tangi kubwa iliyofungwa, pamoja na matope ya choo. Akasema huko ndani kuna wadudu wadogo huwezi kuona na macho, wanakula hiyo chakula, wakikula wanatoa gesi. Gesi ingine itasukuma pampu, na ingine itakuja kwa jikoni ya Cucu.

Mureithi akainua mkono. "Injinia, hao wadudu wanakula hata Jumapili?"

"Hata Krismasi."

"Basi si wa kanisa yetu."

Ajwang alicheka mpaka ile kofia ya plastiki ikaanguka. Hapo hapo akasema huyu ndio atapewa lori ya kuzunguka kwa mahoteli, kwa sababu mtu wa kuomba watu takataka yao lazima ajue kuchekesha.

Mimi hiyo gesi niliikataa. Nilimwambia meneja, mimi na umri yangu siwezi kupikia watu chai na moto ya choo. Nikaendelea na makaa yangu. Mureithi akaingia jikoni, akawasha hiyo jiko mwenyewe, akapika chai. Chai ya mwanaume, Jackie, majani mingi, maziwa ya kuonyesha tu. Akanipea kikombe. Nikaonja, nikasema ni mbaya. Akasema, "Mbaya ni moto ama ni mpishi?" Nikamaliza kikombe. Tangu siku hiyo sijanunua makaa.

Na usifikirie ilikuwa rahisi. Mwanzo walifurahia hiyo mafuta sana, wakaipatia tangi mingi siku moja. Tangi ikafura. Kasaine alikuwa amesema ng'ombe ikila majani yenye maji mingi inafura tumbo, lakini pia yeye alikuwa anacheka, hakudhani ni kweli. Povu ikapanda ikapita kwa juu kama maziwa umeacha kwa jiko, ikateremka yote kwa gari ya meneja. Gari ikawa keki ya harusi. Ajwang akasema hapana, kila mtu amejifunza, kutoka leo ni kidogo kidogo na kila siku. Ikizidi inafura, na ikikosa siku mingi wale wadudu wanakufa na njaa, na gesi inaisha. Hiyo ya njaa uiandike vizuri, nitairudia.

Vijiko nimesahau! Mureithi na Kasaine walikuwa wanatoa vijiko kwa mabaki kabla ya kusaga, kwa sababu kijiko inavunja meno ya mashine. Watu wa hoteli wanatupa vijiko na viazi pamoja, hawaangalii. Vijiko yote ya jikoni yangu imetoka huko. Nimechemsha, usiogope, hata wewe umekula nazo. Wakati mmoja wakubwa wa kaunti walikuja kutoka Kajiado, nikawapikia mbuzi, na mmoja akaangalia kijiko chake akasoma jina ya hoteli yake mwenyewe. Alikifuta na kitambaa akaendelea kula.

Sasa ile ya pipa. Sadiyo ako na hoteli kubwa pale karibu na stendi, Msomali wa Garissa, mwanamke wa kusimama na kusema. Pilau, mbuzi, nyama ya ngamia, watu wanapanga laini. Wakati Mureithi alienda kumwomba mafuta na mabaki, alikubali, lakini na sharti moja. Alisema, "Wewe unachukua pia kwa Macharia." Macharia ni yule wa bucha ya nguruwe upande ule mwingine. "Pipa yangu na pipa yake zisijuane. Siku yake na siku yangu zisiwe moja. Siku zikijuana, tumeachana." Mureithi akasema sawa mama. Akapaka mapipa ya Sadiyo rangi ya majani, na ya Macharia akapaka rangi ya kahawia. Kila siku yake anachukua zilizojaa, anamwachia zingine tupu zimeoshwa. Ikaenda vizuri. Na mahoteli zingine za Waislamu wakaona Sadiyo amekubali, wakakubali pia. Hao ndio chakula kubwa ya tangi. Watu wa pilau wana mafuta, Jackie.

Halafu ikakuja ile kiangazi mbaya, ng'ombe zilikuwa zinakufa zimelala kando ya lami. Mtu wa kupakia mapipa alikuwa ameenda matanga, Kasaine akasaidia. Mureithi ako kwa usukani tayari, akatoa kichwa kwa dirisha akasema, "Pakia zile za rangi ya nyasi, tunaenda kwa Sadiyo."

Rangi ya nyasi! Na Kasaine akapakia zile za kahawia.

Pale kwa Sadiyo, mpishi akafungua mfuniko, na hiyo pipa haikuwa imeoshwa vizuri. Sikio. Sikio la nguruwe limeshika pale kwa ukingo, na mafuta inadondoka kwa ngazi ya jikoni. Mpishi akapiga nduru. Wateja wakasimama na mikono yenye pilau. Mzee Elmi, baba yake Sadiyo, akaja na bakora yake, hakupiga mtu, akanyoosha tu kidole: "Toa. Toa hii kitu." Sadiyo akavua aproni, akafunga hoteli mchana, mlango wa chuma, kwaa!

Na hawa wanaume wawili wako nje wanagombana.

"Nilikuambia rangi ya nyasi!"

"Na hii ni rangi gani?"

"Hiyo ni kahawia!"

"Na nyasi ni rangi gani?" Kasaine akamshika mkono, akamgeuza aangalie kule nyuma ya nyumba, ile uwanda yote mpaka milimani. "Angalia! Kutoka hapa mpaka Namanga, ukipata nyasi moja ya hiyo rangi yako, nakupea ng'ombe."

Na ni ukweli. Mureithi ni mtu wa Othaya. Huko nyasi ni kijani ukilala, kijani ukiamka, hata kwa kaburi. Kasaine amezaliwa hapa Kajiado, na kwake nyasi ni kahawia, ya kijani ni ajabu ya wiki mbili. Hakuna mwenye alidanganya. Lakini enda umwambie hiyo Sadiyo.

Sadiyo akapigia wenzake simu. Hoteli zote zikafunga mapipa. Mureithi anazunguka, anarudi na maganda ya viazi tu. Tangi ikaanza kulala na njaa. Moto kwa jikoni yangu ikawa kama ya mshumaa, nikapika maharagwe mpaka jioni na bado ni risasi. Meneja akasema ikiendelea hivi watafunga tangi, na Mureithi atarudi kuzibua mitaro. Mureithi alikuwa mgonjwa mgongo tayari, kuinama hawezi. Lakini haikuwa hiyo. Aliniambia, "Cucu, kurudi mtaro si neno. Lakini huyo mama aliniamini kwa hiyo mambo ya nguruwe."

Akaenda. Mimi nikaenda na yeye nimebeba brashi, kwa sababu mwanaume peke yake hajui kuongea na mama aliyekasirika. Tukampata Mzee Elmi ameketi nje. Mureithi hakueleza mambo ya nyasi, hakutaja Kasaine. Akasema tu, "Mzee, niambie vile mnasafisha."

Mzee akamwangalia sana. Akasema, "Kwetu, mahali hiyo kitu imegusa, unaosha mara saba. Moja ni na udongo."

Huyu ni mzee wa kanisa, Jackie, ameshika mkoba wa sadaka huko kwao. Akakunja suruali, akapiga magoti kwa hiyo ngazi, na mgongo yake hiyo. Mzee anahesabu. Watu wamesimama barabarani wanaangalia. Ikafika ile ya udongo, Mureithi akachukua udongo pale nje, ile nyeusi yetu ya Kitengela. Wee! Wewe unaijua hiyo udongo, ikishika kiatu unaacha kiatu. Akapaka ngazi. Akamwaga maji. Ikawa gundi. Akasugua, ikapanda kwa brashi, ikapanda kwa mikono, ikafika kwa ukuta, ikafika kwa kanzu ya Mzee Elmi. Ngazi ikawa chafu kuliko siku ya nguruwe. Mureithi akainua uso, na matope kwa kipara, akauliza pole pole, "Mzee, udongo lazima iwe ya hapa?"

Mzee Elmi akajaribu kushikilia. Akashindwa. Nikasikia kicheko nyuma ya mlango ya chuma, na mlango ikafunguka, ni Sadiyo amejishika mbavu. "Wallahi Mureithi, wacha! Utafunika nyumba yote na matope!" Akatuma mtu alete mchanga ya mto.

Alipomaliza, Sadiyo akampea chai. Akamwambia, "Sasa mkono yako naijua. Lakini ni yako peke yake. Mwingine asiguse pipa yangu." Na siku iliyofuata Mureithi akachukua Kasaine na Sadiyo wote wawili mpaka kwa duka ya rangi, wachague pamoja. Wakabishana huko mpaka mwenye duka akachoka. Mwisho Kasaine akasema, "Rangi ya maziwa." Na wote wakakubali, kwa sababu maziwa Nyeri, maziwa Garissa, maziwa Kajiado, ni rangi moja. Ndio maana mapipa ya Sadiyo ni nyeupe mpaka leo.

Sasa unaona shida ya leo. Sadiyo alisema mkono ya Mureithi peke yake, na Mureithi anaenda. Mwenye kushika lori ni Kalunde, mama wa watoto watatu, Mkamba, alikuwa anaendesha lori za mawe huku kwa machimbo. Anapiga rivasi kama mtu anaingiza uzi kwa sindano. Tangu mwezi wa sita Mureithi amekuwa akimpeleka kwa Sadiyo amjue. Na Sadiyo anamsalimia Mureithi, anamuuliza mke na watoto, anampea mapipa Mureithi, na Kalunde amesimama hapo kama mlingoti. Wiki iliyopita akasema wazi, "Huyu simjui. Wewe ukienda, na mafuta yangu imeenda." Na Sadiyo akienda, wenzake wanaenda. Tangi inalala njaa tena.

Na mke wa Mureithi anangoja. Mwihaki ako Illasit, wamenunua shamba huko karibu na Loitokitok, kitunguu imefika kuvunwa, na pickup ya kubeba godoro ni kesho asubuhi. Mureithi ameshamwambia mara mbili "wiki ijayo". Juzi mke akampigia simu Mureithi akiwa hapa anakula, na sauti ya Mwihaki hata haihitaji simu. "Mureithi, ulioa mimi ama ulioa tangi?" Mureithi akaangalia ugali. Akasema, "Mama, siwezi kuacha tangi bila chakula." Kasaine kule kwa kona akasema, "Shemeji, amepata ng'ombe mwishowe, anakataa kuiacha!" Tulicheka, lakini Mureithi hakucheka. Amesema hapandi hiyo pickup mpaka aone mapipa nyeupe ikiingia bila yeye.

Leo asubuhi akampea Kalunde ufunguo. Kalunde akauliza, "Na wewe mzee?" Akasema, "Mimi nikija, atanipea mimi. Enda peke yako. Na usimweleze mambo mingi, msalimie baba yake kwanza, halafu ungoje."

Hiyo ilikuwa asubuhi. Sasa hema imepandishwa, keki iko, meneja ameshika hotuba yake, ameangalia saa hata mimi nimeona kutoka hapa kwa dirisha. Na Mureithi ameketi pale mbele na suti, ile ya harusi ya mtoto wake, inambana hapa kwa kifua, na haangalii meneja, haangalii keki, anaangalia geti. Kila saa meneja anainama anamwambia kitu, na yeye anatingisha kichwa. Anasema ngoja.

Haya, andika ya kumaliza, kwa sababu mchele wangu uko kwa moto. Andika: Mureithi, sisi wa jikoni, wa mashine, wa pampu na wa ofisi tunasema asante. Umebeba uchafu ya watu miaka hizi zote na hujawahi kuingia kwangu bila kunawa. Mji unapita barabara na viatu kavu na hawajui ni wewe. Tunakuombea mvua ya kutosha Illasit, na kitunguu kubwa, na mgongo ipone, na Mwihaki akusamehe. Ukae miaka mingi, ule polepole vile unapenda, na hakuna mtu wa kukuharakisha. Na usirudi hapa kuangalia tangi kila mwezi, kuja tu kutusalimia. Hiyo ya mwisho mwulize kama...

Hiyo ni honi. Jackie, ni honi ya lori hiyo, songa nione. Geti inafunguliwa. Nyeupe! Ni nyeupe, hesabu wewe mwenye macho, zimejaa, mifuniko imefungwa na kamba. Na Kalunde ako na sinia imefunikwa hapo kando yake, hiyo ni sinia ya Sadiyo, hakuna mwingine ako na hizo sinia!

Angalia Mureithi. Amesimama. Anaenda... anaenda kwa lori, utaona atashusha na hiyo suti. Hapana. Amesimama tu. Jackie, ameketi. Ameketi tena, amefungua kifungo ya koti. Umesikia vile amemwambia meneja? "Haya, sasa anza."

"Cucu! Maji moto! Mafuta imeganda kwa pipa, haitoki!"

Huyo ni Kalunde ananiita. Bila maji moto hawezi kumwaga hata tone. Shika huo mwiko, Jackie, mchele usishike chini. Nakuja, Kalunde! Nakuja mama, nabeba sufuria!